Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Macho na Sukari

Ndugu wanachama,

Ada na matumizi mtasomewa na mhazini. Mimi nabaki kwenye macho.

Ni watu wazima wangapi wenye kisukari ambao retina zao, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zimeathirika? Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa 2021 ulikuta takriban 22 katika kila 100 duniani. Kwa Afrika walikaribia 36, kuliko kanda nyingine zote. Waliofikia hatua ya kutishia uoni ni kama 6 katika 100 duniani. Hesabu ya Afrika ikiwa ndiyo yetu hapa Tabora, benchi la watu sita wenye kisukari humu ukumbini lina wawili. Na miaka huongeza: baada ya miaka 20 ya kisukari cha aina ya pili, zaidi ya nusu huwa na dalili.

Wengi husema, “Mbona naona vizuri?” Ndipo tunapokosea. Sukari hudhoofisha kuta za vijishipa vya retina, vikatuna na kuvuja. Uvujaji usipofika katikati ya retina, mtu husoma herufi za ukutani mita 6 bila kukosea hata moja. Kwa hiyo kusoma herufi peke yake hakutoshi. Mwenye aina ya pili apimwe retina mara anapogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza aanze ndani ya miaka mitano tangu agundulike. Mjamzito mwenye kisukari asisubiri zamu, apimwe miezi mitatu ya mwanzo.

Matone ya kupanua mboni huwasha kidogo, halafu unakaa dakika 20 hadi 30. Ukiharakishwa kabla mboni haijafunguka, picha ya retina hutoka na kiza pembeni. Mtoto wa jicho naye huleta ukungu. Picha ya namna hiyo haimaanishi jicho ni zima, ingawa ni rahisi kuiandika hivyo. Kamati imeamua daftari letu liwe na safu tatu: hana dalili, ana dalili, picha haikusomeka. Wa safu ya tatu anarudiwa au anapelekwa kwa daktari wa macho, wala hahesabiwi miongoni mwa wazima.

Miwani msikimbilie wakati sukari inapanda na kushuka. Lenzi ya jicho hubadilika nayo, na miwani ya leo haitakufaa sukari ikitulia. Subiri wiki kadhaa.

Leza huzuia uharibifu usiendelee, lakini kwa kawaida hairudishi uoni uliokwisha potea. Sindano za ndani ya jicho huweza kuurudisha kiasi, ila hurudiwa mara nyingi. Presha nayo idhibitiwe, maana huumiza vijishipa hivyohivyo. Na asali yetu, jamani, pamoja na sifa zake zote, ni sukari.

Siku ya kupimwa njooni na daftari la kliniki na kofia. Mboni hubaki wazi kwa muda wa saa 4 hadi 6 na jua letu mnalijua. Anayekuja kwa baiskeli aje na wa kumwendesha kurudi.