Barua kwa Mhariri: Huyu daktari mpenda tanga, mbona hatumjui?

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Tarehe 19 Juni 1987 alifariki mtu mmoja anaitwa Ian Donald, kila mwaka hiyo tarehe inapita na sijawahi kuona gazeti la Kiswahili likimtaja hata kwa mstari mmoja, wakati kina mama wa nchi hii wanapima kwa mashine yake kila siku ya Mungu.

Huyu alikuwa daktari wa wanawake, mzaliwa wa Cornwall, Uingereza, Desemba 1910, ila ujanani alikaa Afrika Kusini, akachukua digrii yake ya kwanza Cape Town ndo akarudi kwao kusomea udaktari. Yeye na wenzake ndo waliofanya utrasaundi ikaweza kumwangalia mtoto tumboni. Na alipenda sana kusafiri kwa mashua za tanga, nitalirudia hilo.

Nianze na yaliyonikuta. Mwanangu alikuwa na mimba ya kwanza, sisi tunaishi kisiwani, kituo alichoanzia kliniki (sitakitaja) mashine yao ilikuwa mbovu miezi na miezi, wakawa wanampapasa tumbo kwa mkono wanamwambia mtoto yuko vizuri nenda nyumbani. Mimba ina miezi saba damu ikaanza kutoka, haimuumi popote, damu tu. Tukamtia kwenye boti alfajiri na kusi imechachamaa, maji yanaingia ndani, nimempakata kichwa nimemfunika kanga mbili na zote zikalowa chapa. Ng'ambo tukapata hospitali yenye mashine nzima. Dada wa kipimo akampaka ile jeli, mwanangu akashtuka na ubaridi, dada akawa anakipitisha kile kidude polepole, anakandamiza kidogo anasimama, anasogea anakandamiza tena, macho yako kwenye kioo, halafu akakigeuzia kwangu akasema mama unaona hapa, kondo la nyuma limekaa chini limeziba njia. Yaani angeachwa aingie uchungu nyumbani ningewazika wote wawili. Akalazwa, siku zilipotimia akapasuliwa, leo mjukuu wangu ana meno manne na anauma kila kitu.

Sasa mimi ni mtoto wa nahodha. Pale nilipokuwa naangalia mkono wa yule dada nilimwona baba yangu kabisa. Usiku tukikaribia mlango wa bandari alikuwa anatia bildi, ile risasi ya mwisho wa kamba, anaishusha, anasikilizia mkononi, kamba ikilegea anasema pima tano, mara pima tatu, geuza! Haoni chochote chini lakini anajua kuna nini. Nikamuuliza dada hii mashine inaonaje ndani, akanambia mama haioni, inapeleka sauti, sauti inagonga inarudi, ndo kioo kinachora. Nikasema hii si bildi hii? Nikamwuliza kaitengeneza nani, akasema wazungu tu. Jibu hilo halikunitosha. Nikamkamata mpwa wangu mwenye simu nzuri, tukawa tunasoma kila usiku baada ya isha.

Na kumbe kweli, kazi hii asili yake bahari. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912 watu wakaanza kuhangaika namna ya kujua kilichopo majini kabla hujakigonga, ikaja vita ya kwanza ya dunia, Mfaransa Paul Langevin akafanyia kazi sauti ya kutafutia nyambizi. Donald mwenyewe vita ya pili alikuwa daktari wa jeshi la anga, huko ndiko alikozijua rada na sona (sona ndo ile ya kutafuta vitu majini kwa sauti) (na alipewa nishani kwa kuingia kwenye ndege inayowaka moto, ina mabomu ndani, kutoa watu). Baadaye aliwahi kusema kwamba mtoto tumboni na nyambizi baharini havitofautiani sana.

Mwaka 1954 akapelekwa kuwa profesa Glasgow kule Uskoti, mji wa mto Clyde, mji wa kuunda meli. Pale kulikuwa na kampuni ya maboila, Babcock & Wilcox, wao walikuwa wanapitisha sauti kwenye chuma kutafuta nyufa. Tarehe 21 Julai 1955 Donald akapakia kwenye buti za magari vimbe walizotoka kuwatoa wagonjwa chumba cha upasuaji, nyingine za maji nyingine ngumu, akaenda nazo hadi kiwandani, wakazipima moja moja kwa mashine ya chuma, na pembeni wakaweka kipande cha steki ili walinganishe. Uvimbe wa maji ukaonyesha alama yake na mgumu ukaonyesha yake! Mi hapa huwa nasimama namfikiria profesa mzima anaingia getini na mzigo ule. Kule London alikotoka walishamwita Donald kichaa kwa kupenda mashine, wala hakujali.

Halafu akatokea kijana mhandisi, Tom Brown, wa kampuni ya Kelvin & Hughes, na hiyo kampuni ilikuwa inatengeneza vifaa vya meli vikiwemo vya kupima kina, unaona mambo yanavyorudi baharini. Brown akamtafuta Donald kwa simu, wakaungana na daktari John MacVicar. Mashine moja ya mwanzo waliifunga juu ya ile meza ndogo ya kulia chakula ya kitanda cha hospitali, na tumboni hapakuwa na jeli, walipaka mafuta ya zeituni. Akaletwa mama mmoja ameambiwa ana kansa ya tumbo isiyopasulika, wakampima, wakaona ni uvimbe mkubwa wa maji wa kwenye ovari, wakautoa, mama akapona. Tarehe 7 Juni 1958 wakatoa makala kwenye jarida la madaktari liitwalo Lancet, na kuanzia hapo waliokuwa wanawacheka wakaanza kuwasikiliza.

Na lile jambo la kunywa maji usikojoe, ambalo mwanangu alililalamikia njia nzima, nalo ni la kwake, la mwaka 1963. Aligundua kibofu kikijaa kinasukuma utumbo wenye gesi pembeni, sauti inapata njia ya maji, mimba changa inaonekana. Kina mama mkiambiwa mnywe chupa nzima mkae foleni mmebana miguu, mjue sababu ndo hiyo.

Mwenyewe alikuwa mgonjwa wa moyo. Kapasuliwa moyo mara tatu. Alikuwa na hasira za karibu, alipinga hadharani sheria ya utoaji mimba ya mwaka 1967 na wapo ambao hawakumpenda kwa hilo. Nje ya kazi alipiga piano, alichora picha za mandhari, na bahari. Alipostaafu mwaka 1976 hakubaki mjini, alikuja kuishi Paglesham, kijiji cha Essex kwenye mto wenye chaza na mashua, na ndiko alikozikwa. Nikisoma hapo namwelewa kabisa, hata baba hakutaka kuzikwa mbali na maji.

Mhariri, ombi langu ni hili. Una ukurasa wa afya kila wiki, Juni ijayo mtoleeni picha huyu mtu na muandike habari zake kwa Kiswahili, wale madada na makaka wa vipimo wabandike ukutani kwenye vyumba vyao. Na mwandishi wako mmoja apande boti aje visiwani ahesabu ni vituo vingapi vina hiyo mashine na ngapi zinafanya kazi, maana Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya wiki ya 24, na mwanangu alipimwa ya kwanza akiwa na miezi saba, anatoka damu. Akija nitampokea gatini mwenyewe.

Bibi wa mjukuu mmoja,
Visiwani