Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Miaka 11 ya zahanati nayo ihesabiwe

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni tabibu. Nakuandikia nikiwa zamu ya usiku kwenye zahanati ya kijiji huku Kanda ya Ziwa. Mezani nina taa ya sola, kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za huduma na wagonjwa, ambacho sijamaliza kukijaza, na kitabu cha Hisabati cha kidato cha nne. Hicho cha mwisho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Huku wananiita dokta. Nimeshachoka kuwasahihisha. Daktari sijawa, ingawa nimetaka kuwa tangu nilipomaliza stashahada ya utabibu mwaka 2013. Nilimaliza na wastani wa 3.8, na mwongozo wa udahili kwa shahada ya udaktari unataka 3.0, kwa hiyo hapo napita. Nakwama mstari unaofuata: mwenye stashahada awe pia na angalau D ya kidato cha nne katika Biolojia, Kemia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati. Manne ninayo. Hisabati nina F ya mwaka 2008.

Nilisoma shule ya kata, zile zilizojengwa kwa nguvu za wazazi. Baba alisomba mchanga, mama alibeba maji. Mwalimu wa Hisabati alikuja tukiwa kidato cha pili, akakaa muhula mmoja, akahama. Baada yake tulifundishana wenyewe, aliyedhani ameelewa ndiye aliyeshika chaki. Wala sikufeli peke yangu. Kila mwaka matokeo yakitoka, Hisabati ndiyo inayoburuta mkia nchi nzima.

Lakini F yenyewe sina ugomvi nayo. Nilipoomba kusomea utabibu, sifa zilikuwa ufaulu wa masomo manne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza viliandikwa kuwa sifa ya nyongeza tu, ukiwa navyo vizuri, usipokuwa navyo uingie. Basi nikaingia, nikafundishwa, nikasajiliwa, nikaajiriwa, nikakabidhiwa wagonjwa wa kijiji kizima. Leo nataka kupanda ngazi moja, naulizwa ile ile Hisabati. Kama ni ya lazima kwa mtu anayetibu, mbona niliruhusiwa kutibu miaka 11 bila hiyo?

Na hesabu tunapiga, Mheshimiwa. Juzi usiku mama mmoja aliletwa na bodaboda, amebeba mtoto mwenye degedege. Kipimo kikasoma malaria. Kilo 9. Sindano ya artesunate kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo. Aliyefika kilo 20 na kuendelea, 2.4. Tisa mara tatu, ishirini na saba. Kisha unageuza miligramu kuwa mililita, kulingana na ulivyoichanganya dawa, huku bibi wa mtoto analia mlangoni na muuguzi anakumulikia kwa simu. Ukikosea hapo hakuna wa kukusahihishia kwa kalamu nyekundu. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, kwa upande mwingine, natakiwa nijue umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye longitudo moja. Nimelisoma hilo swali wiki tatu. Naanza kulielewa.

Zamani palikuwa na ngazi yetu. Tabibu akifanya kazi angalau miaka mitatu, alikuwa anaweza kwenda kusoma miaka miwili akawa Daktari Msaidizi. Mafunzo yale yalianza miaka ya sitini, nchi ikiwa na madaktari wa kuhesabika kwa vidole, na kwa miongo mingi katika hospitali nyingi za wilaya hao ndio waliokuwa wanawafanyia akina mama upasuaji wa kujifungua. Uzoefu wa kazi ulikuwa sharti, usipokuwa nao huingii. Mafunzo hayo yamesitishwa. Sitaki kubishana na sababu, huenda zilikuwepo nzuri. Ila ngazi iliyojali kazi iliondolewa, na ile iliyobaki haiulizi kabisa mtu amefanya nini.

Haiulizi hata kwa vijana wa kidato cha sita. Kwao njia ni PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Aliyesoma CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, hata awe na A ya Kemia na A ya Biolojia, hapiti, kwa kuwa hana Fizikia. Hilo silipingi, presha ni fizikia, eksirei ni fizikia. Lakini zikishatimia alama, basi. Mtoto wa jirani yangu alipata divisheni wani ya PCB, ukoo mzima ukamwita daktari kabla hajajaza fomu. Nilimwomba baba yake anipe kijana akae nami wiki tatu akisubiri matokeo ya udahili. Wiki ya pili akanifuata nje, akaniambia, "Kaka, mimi hii ya damu na harufu siiwezi, ila maabara naipenda." Akabadili maombi. Wiki mbili tu, na serikali haikutoa hata shilingi. Uingereza mwombaji wa udaktari hutarajiwa aeleze alikojitolea, hata kama ni kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na amejifunza nini huko. Sisi zahanati tunazo kila kona.

Tume ya Vyuo Vikuu iko chini ya wizara yako, kwa hiyo ombi langu nalileta kwako. Tabibu mwenye wastani unaotakiwa na miaka mitano kazini, Mganga Mkuu wa Wilaya akimwandikia barua ya utendaji wake, asizuiwe na Hisabati ya utotoni. Kama lazima apimwe hesabu, apimwe za kazi hii: dozi kwa kilo, matone ya dripu kwa dakika, asilimia ya chanjo katika kijiji. Ututungie mtihani huo hata uwe mgumu kiasi gani, tutaukalia.

Wakati nasubiri jibu lako, nimejisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni mara ya pili. Mara ya kwanza niliingia kwenye mtihani nikitoka kuzalisha usiku kucha, nikasinzia kwenye swali la nne. Safari hii, Novemba, muuguzi amekubali kushika zamu yangu. Ameniomba kitu kimoja, nisizime simu, maana kuna mama wawili wanaotarajia siku hizo hizo. Sijamwambia bado kwamba simu haziingii chumba cha mtihani.

Wako katika utumishi,
Tabibu, zahanati ya kijiji, Kanda ya Ziwa