Umekosa tenda ya serikali? Soma hapa kabla hujaandika malalamiko

Taasisi ikitoa matokeo ya zabuni, simu za wateja wetu hapa Mlandege, Unguja, ambako tunaandika barua za malalamiko ya zabuni, huanza na sentensi ile ile: "Mimi ndiye nilokuwa na bei ya chini, vipi kapewa mwengine?"

Mara nyingi jibu limo ndani ya zabuni yake mwenyewe. Bei inayosomwa siku ya ufunguzi haijawa ya mwisho. Kamati ya tathmini huzipitia hesabu upya, na nyaraka nyingi za zabuni zina sharti kwamba bei ya kipimo kimoja ikigongana na jumla, inayosimama ni bei ya kipimo. Chukua zabuni ya mchele wa dahalia, kilo 5,000. Umeandika shilingi 3,200 kwa kilo, halafu kwa pirika za saa za mwisho ukajaza jumla ya 14,000,000. Ikisomwa hiyo, kila mtu anajua umeshinda. Kamati ikizidisha inapata 16,000,000, na mwenzako wa 15,500,000 kakupita. Hapo hakuna aliyekudhulumu, na barua kali ya kurasa nne haitabadilisha kitu.

Tena bei hutazamwa mwisho. Kwanza zinakaguliwa nyaraka, kisha sifa za kiufundi, na aliyetolewa huko bei yake haina kazi tena. Wafanyabiashara wadogo wa kwetu wanaangukia zaidi kwenye nyaraka. Unadhani umemaliza kwa kuwa una hati ya kodi ya ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), kumbe zabuni imetaka na ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), maana kodi ya mapato ni ya Muungano na huku inakusanywa na TRA. Usajili wa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali, upo lakini leseni ya biashara imemalizika. Au dhamana ya zabuni, ile ahadi ya benki kwamba hutaikimbia zabuni yako: nyaraka zimetaka iendelee siku 28 baada ya kwisha muda ambao zabuni yako inabaki hai, wewe benki wamekupa inayokufa siku moja na zabuni. Kwa anayetazama kwa nje ni vijisiku tu. Kwa kamati, hujatimiza sharti.

Kwa hivyo mteja akija kwetu, hatuanzi na barua. Tunakaa na nyaraka za zabuni na kusoma vigezo kimoja kimoja. Hoja yenye nguvu ni ile inayoweza kuoneshwa kwa kidole: umetolewa kwa kukosa hati ambayo uliiwasilisha na ushahidi unao, kimetumika kigezo ambacho hakimo kwenye nyaraka, zabuni imepokelewa baada ya saa ya kufunga, au mshindi hana uzoefu wa miaka iliyotakiwa huku wengine wakitolewa kwa kukosa huo huo. Hii ya mwisho ni tamu kuisema na ngumu kuithibitisha, kwa sababu zabuni ya mwenzako huioni. Hoja za "yule ni shemegi wa mkubwa" hatuziandiki. Kama kuna rushwa na ushahidi upo, hilo lina vyombo vyake; kwenye barua ya malalamiko ya zabuni litaifunika ile hoja yako nzuri.

Kuna lalamiko jengine linaloletwa likiwa limeshapitwa na wakati: sifa za bidhaa ziliandikwa kumlenga muuzaji mmoja. Pengine ni kweli. Lakini hilo linasemwa kabla zabuni hazijafungwa, kwa maandishi, kupitia maombi ya ufafanuzi. Ukinyamaza, ukajaza, ukaleta, ukishindwa utaambiwa masharti uliyaona na ukayakubali.

Sasa muda. Ununuzi wa umma si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Namba 11 ya 2016, pamoja na mfumo wake wa kielektroniki, e-PROZ. Bara wana sheria yao ya 2023, mfumo wa NeST, na mamlaka ya rufani ya zabuni, PPAA. Zile siku 5 za kazi za kuleta malalamiko mnazosomeana kwenye magrupu ya WhatsApp ni za Bara. Usihesabu kwa kalenda ya jirani: fungua maelekezo kwa wazabuni kwenye zabuni yako, sehemu ya malalamiko, uhesabu kuanzia siku uliyopokea taarifa. Miradi ya fedha za Benki ya Dunia nayo ina utaratibu wake. Kwenye zabuni hizo zenye kipindi cha kusubiri, kati ya taarifa ya matokeo na kusainiwa mkataba, una siku 3 za kazi tangu upate taarifa kuomba kuelezwa kwa nini hukushinda. Ombeni. Ni haki ya bure, na maelezo hayo ndiyo yatakayokwambia kama una kesi au huna.

Haraka hii ina sababu yake. Kabla mkataba haujasainiwa, tathmini inaweza kurudiwa. Ukishasainiwa na mzigo umeanza kushushwa, unachoweza kukipata kinapungua sana. Malalamiko yanaanza kwa mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni, kisha ngazi ya rufaa. Mahkama Kuu ya Zanzibar ipo pia, lakini huko hutazamwa zaidi kama utaratibu umefuatwa, na gharama ya wakili kwa tenda ya milioni kumi na sita haiingii akilini.

Wengi wanauliza kwa sauti ya chini: "Nikilalamika si ndiyo sitapata tena?" Unguja ndogo, Pemba ndogo zaidi, na hatuwezi kumwambia mtu hofu hiyo ni upuuzi. Kisheria, anayefungiwa ni mwenye nyaraka za kughushi au aliyeharibu mkataba, siyo aliyelalamika. Barua fupi na yenye adabu, inayotaja namba ya zabuni, kifungu kilichovunjwa na kuomba tathmini irudiwe, haijengi uadui kama ile inayodai "tenda ni yangu".

Ukija ofisini, chukua nyaraka kamili za zabuni, nakala ya ulichowasilisha, bei zilizosomwa siku ya ufunguzi, na taarifa ya matokeo ikionesha tarehe uliyoipokea. Mlioko Chake na Wete tumeni kwa simu siku hiyo hiyo, msisubiri boti. Kuzisoma na kukwambia kama una hoja hatutozi. Tunatoza kuandika barua, na malipo ni yale yale ushinde usishinde.