Tupeni mita za kupanda, si kilomita peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu makala mliyochapisha hivi karibuni, ile ya njia tulivu za kuendesha baiskeli vijijini. Makala ilikuwa nzuri, na picha zake zilinifanya nijaze upepo matairi siku ileile. Lakini kila njia mliieleza kwa kilomita tu: hii 28, ile 45, nyingine 60, kisha mkamalizia kwamba zote zinamfaa mtu yeyote. Hapo nikakuna kichwa.

Nilimchukua shemeji yangu, aliyekuwa na miezi miwili tu tangu aanze kuendesha, tukaifuata ile ya 45. Kwenye tambarare umbali huo anaumaliza kwa saa mbili na ushei, tena huku anapiga soga. Safari hii tulitumia saa tano kasoro. Alikokota baiskeli kwenye vilima vinne, na soga zilikwisha kwenye kilima cha pili. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, tulipokaa chini ya mti kumalizia maji, kama waliopima njia ile walikuwa ndani ya gari.

Utulivu na vilima huenda pamoja, na hilo halikutokea kwa bahati. Barabara kuu hufuata bonde. Mhandisi anayechora barabara ya malori hukwepa mwinuko mkali: akikuta kilima hukichonga, akishindwa hukizunguka. Barabara ya zamani, ya waenda kwa miguu na mifugo, haikuwa na anasa hiyo. Ilikata kutoka kijiji hadi kijiji, ikapanda mgongo wa kilima na kutumbukia upande wa pili. Magari yalipohamia bondeni, ile ya juu ikaachiwa wakulima, matrekta na sisi. Ukimya wake tunaulipia kwa mapaja. Asiyetaka magari wala vilima atafute reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli, kwa sababu treni haiwezi milima. Mwinuko wa asilimia 2 au 3 kwake tayari ni shughuli.

Sasa tufanye hesabu. Mwinuko wa asilimia 10 maana yake ni kwamba kila mita 100 unazokwenda, unapanda mita 10. Alpe d'Huez, ule mpando maarufu wa Ufaransa wenye kona kali 21, una urefu wa karibu kilomita 14 na mwinuko wa wastani wa asilimia 8 hivi. Ukifika juu umepanda kama mita 1,100, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kujisifu kwamba wameumaliza. Haya, chukua njia ya kijijini ya kilomita 60 yenye vilima vidogo 20, kila kimoja mita 60 tu. Hakuna hata kimoja ambacho mtu angekipiga picha. Jumlisha: mita 1,200. Mwenzako amepanda zaidi ya Alpe d'Huez nzima, na gazeti limemwambia ni matembezi ya Jumapili.

Wastani nao hudanganya. Njia inayozunguka na kukurudisha ulipoanzia ina mwinuko wa wastani wa sifuri, kila mara, hata ikikuvusha milima mitatu. Kilima cha kilomita 2 chenye wastani wa asilimia 5 kinaweza kuwa na nusu kilomita ya asilimia 12 katikati, halafu juu kikalala kama meza. Kinachomshusha mtu kwenye tandiko ni hiyo nusu kilomita. Wastani haumhusu.

Mtasema siku hizi programu za ramani zinatoa yote hayo. Zinatoa, ila zichukulieni kwa tahadhari. Vipimo vingi vya urefu wa ardhi vilichukuliwa kutoka angani, mfano vile vya chombo cha Marekani kilichoruka Februari 2000, na ardhi ikagawanywa katika miraba ya mita 30 au 90 kila upande. Kipande kifupi kikali, cha mita 40 hivi pale barabara inapotoka darajani, humezwa humo kisionekane kabisa. Ndiyo maana programu mbili huweza kukupa jumla mbili tofauti kwa njia ileile. Mimi bado naamini kontua, ile mistari inayopita sehemu zenye kimo kimoja, kwenye ramani ya karatasi. Unahesabu mistari ambayo barabara inaivuka ikipanda, unazidisha kwa tofauti ya urefu kati ya mstari na mstari, na pale mistari inapobanana unajua utashuka na kutembea.

Kutembea huko si aibu, na ningependa makala zenu ziseme hivyo waziwazi. Mwaka 1910, mashindano ya Tour de France yalipopitishwa kwa mara ya kwanza Tourmalet, njia ya mlimani inayofika mita 2,115, mshindani Octave Lapize alishuka na kukokota baiskeli sehemu ya mpando. Mwaka huo ndiye aliyeibuka mshindi. Wakati ule hawakuwa na gia za kubadilisha kama zetu. Waandaaji walikuja kuziruhusu kwa washindani wote mwaka 1937.

Gia, kwa kweli, ndilo jambo ambalo shemeji hakuambiwa na mtu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini hawakuwa juu ya baiskeli kwenye mwinuko wa asilimia 12. Pale, pole ikizidi, usukani huanza kuyumba na gurudumu la mbele kutafuta mtaro. Baiskeli yake, hata kwenye gia nyepesi kuliko zote, ilikuwa ikisogea karibu mita 3.7 kila pedali ikizunguka mara moja. Ukiwa na gia yenye meno mbele sawa na meno nyuma, tuseme 34 kwa 34, unasogea mita 2.1 tu. Miguu yako ikizunguka mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7 na nusu kwa saa, polepole lakini wima. Kwa baiskeli yake, mwendo uleule ulimtaka asukume pedali mara 34 tu kwa dakika, kila mara kama anainua gunia. Kama mngeandika kwamba njia ina kipande cha asilimia 12, fundi angembadilishia gia za nyuma kabla hatujaondoka.

Mteremko ndio ulionitisha zaidi. Katika kilomita 50 kwa saa, baiskeli hula karibu mita 14 kila sekunde, yaani kabla akili haijaamrisha vidole vishike breki umeshakwenda urefu wa basi na zaidi. Kwenye barabara nyembamba ya vijijini, yenye ua wa miti pande zote mbili, mara nyingi huoni hata mita 20 mbele ya kona. Na kona hiyohiyo ndipo mvua hurundika changarawe, ndipo trekta hudondosha tope, ndipo mbuzi husimama wakikutazama. Anayeshika breki mfululizo kutoka juu hadi chini hupasha rimu moto, na tyubu inaweza kupasuka. Heri kushika kwa nguvu kabla ya kona, kuachia, kisha kushika tena. Njia tulivu haina magari mengi. Ile gari moja iliyopo, hata hivyo, dereva wake naye anaamini yuko peke yake.

Ombi langu halihitaji ukurasa wa ziada. Kando ya kilomita, chapisheni jumla ya mita za kupanda na kipande kikali kuliko vyote, mkitaja kiko kilomita ya ngapi. Kama kuna mteremko wenye kona isiyoonekana au lami iliyokwisha, semeni. Na msibadilishe mwelekeo wa njia bila kufikiri: kilima kinachopandika taratibu kwa upande mmoja kinaweza kuwa ukuta ukikijia kwa upande wa pili.

Shemeji ameshapona, na ameuliza tunakwenda wapi wiki ijayo. Nimemjibu mita 340, kipande kikali kiko kilomita ya 9, asilimia 8. Kilomita hakuniuliza.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mwendesha baiskeli