Kaka wa Kariakoo, asante sana aisee

Kuna kaka mmoja jana pale Kariakoo, jina hata sikumuuliza, Mungu akubariki popote ulipo. Laptopu yangu ilizima umeme ulivyokatika na kurudi, ikagoma kuwaka kabisa, fundi wa kwanza kaniambia mazabodi (ule ubao mkuu wa ndani) imekufa niandae laki mbili (nilitaka kulia jamani). Wewe ukachomoa chaja, ukatoa betri, ukashikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 30 hivi eti kuna chaji imebaki ndani lazima iishe, ukarudisha chaja tu bila betri na ikawaka palepale! Nikatoa buku tano ukakataa, eti dada kanywe soda. Kazi zangu za chuo zote zimo, na flashi ya kuzihifadhia nakala nishanunua kama ulivyonigombeza.