Mwisho wa Lily Powers haukuwa ule mliotuandikia

Mhariri,

Makala yenu kuhusu filamu za kale za Hollywood imedai kwamba hata kabla udhibiti haujakaza mwaka 1934, mwanamke mkaidi kwenye filamu alikuwa lazima aadhibiwe mwishoni. Ushahidi mlioutoa ni Baby Face ya mwaka 1933: Lily Powers, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, anaishia Pittsburgh bila senti, mumewe akiwa kibarua wa kiwanda cha chuma. Mimi ni karani mstaafu wa benki, na filamu hiyo sehemu kubwa inatokea benki. Nimeitazama kwa jicho la mtu wa kazi hiyo, na nasema ushahidi wenu ni wa kughushiwa. Simlaumu mwandishi, walioghushi walikuwa watu wa mwaka 1933.

Tuanzie huko Erie, Pennsylvania. Baba yake Lily anauza pombe ya magendo na yuko tayari kumtoa binti yake kwa wateja. Mtambo wa pombe unalipuka, baba anakufa, na Lily hamwagi chozi. Anadandia treni ya mizigo kwenda New York pamoja na rafiki yake Chico, msichana mweusi aliyeigizwa na Theresa Harris. Anaingia benki saa ya chakula cha mchana, wakati mkubwa wa ofisi hayupo. Anaulizwa kama ana uzoefu, anajibu kwamba anao tele. Kuanzia hapo kamera inapanda ukuta wa nje wa jengo, dirisha hadi dirisha: masijala, rehani, uhasibu, na kila idara ina mwanamume anayeachwa nyuma. Masijala tunamkuta John Wayne, bado kijana, haachiwi hata kwaheri. Sisi tuliosubiri kupandishwa cheo kwa barua na vikumbusho hatuwezi kuitazama sehemu hiyo bila kucheka, ingawa kinachosimuliwa hakichekeshi sana.

Sasa ukaguzi. Kanuni za maadili za Hollywood zilipitishwa mwaka 1930, lakini kwa miaka minne hazikuwa na meno. Lakini bodi za ukaguzi za majimbo zilikuwa nayo, maana Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1915 kwamba filamu ni biashara tu, haina kinga ya uhuru wa kusema. Bodi ya New York ikaikataa Baby Face, na studio iliyoitengeneza, Warner Bros., hawakuwa tayari kulipoteza soko hilo. Wakaifanyia ukarabati.

Angalieni walichogusa. Vipande vya chumbani vilipunguzwa, ndiyo. Lakini waliteseka zaidi na mzee mmoja fundi viatu. Katika filamu ya awali, mzee huyo anamsomea Lily maandishi ya Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, na kumwambia atumie uwezo alio nao juu ya wanaume ili apate anachotaka. Wakaguzi hawakuweza kuvumilia msichana maskini apewe falsafa. Sauti mpya ikabandikwa, na mzee yuleyule sasa anamwonya kwamba kuna njia njema na njia mbaya. Kisha wakaongeza kipande cha mwisho: wakurugenzi wa benki wanaelezana kwamba Lily na mumewe wametoa mali yao yote kuiokoa benki na sasa wanaishi maisha ya jasho. Hatuwaoni wenyewe, tunasimuliwa tu. Benki gani hufanya kikao cha wakurugenzi kujadili ndoa ya watu?

Nakala isiyokatwa iligunduliwa mwaka 2004 katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ndani yake Lily bado anageuka, hilo nakubali: anarudi kwa mumewe, mkuu wa benki, aliyejipiga risasi na yumo naye kwenye gari la wagonjwa. Ila hakuna Pittsburgh wala umaskini wa kumtakasa.

Kama mnataka mkaidi asiyeguswa kabisa, yupo Jean Harlow katika Red-Headed Woman ya 1932, iliyoandikwa na Anita Loos. Anavunja ndoa ya bosi wake, anampiga risasi, na tunamwacha Paris akiwa na mzee tajiri na dereva wa mzee huyo. Uingereza waliipiga marufuku. Joseph Breen alipokabidhiwa kazi ya kuzisimamia Kanuni za Hollywood mwaka 1934, studio iliyotoa filamu bila cheti chake ilikabiliwa na faini ya dola 25,000, na mwisho wa namna hiyo ukatoweka.

Jambo moja makala haikuligusa, nami naona ndilo kubwa. Baba anapotaka kumfukuza Chico kazi, Lily anasema akienda Chico naye anaondoka. Anamtetea hata baadaye, alipokwisha kuwa tajiri. Lakini New York, Chico ni mtumishi wake wa ndani, na jengo lile la benki hakulipanda hata ghorofa moja. Hapo wakaguzi hawakukata kitu.

Namwomba mwandishi wenu aitafute nakala ya 2004, kisha atuandikie upya.

Karani mstaafu wa benki