Salim, njoo utupatanishe na Maish

Salim bana,

Sasa? Mko aje huko Mombasa, mama alipona ule mguu ama bado anakataa kwenda kwa daktari? Hapa tuko, stima inaenda inarudi, maji ni ya mtungi, lakini tunasukuma. Najua nimenyamaza kama mtu mwenye deni lako. Mwenye deni si mimi, ni Maish, na ndiyo maana leo nimekaa chini nikuandikie vizuri badala ya kukutumia zile sauti zangu za dakika nane ambazo najua huwa husikilizi hadi mwisho.

Maish ana 15,000 yangu. Tangu Novemba. Alikuja hapa usiku akaniambia landilodi amemfungia nyumba, miezi miwili ya kodi, na mimi sikuuliza mara mbili kwa sababu ni Maish, si tulilala watatu kwa godoro moja pale Umoja ile mwaka paa lilikuwa linavuja? Nikatuma mpesa hapohapo akiwa amesimama mlangoni. Kumbe kodi ni suti. Kaunda suti, Salim, tatu! Moja kijani ya jeshi, moja bluu, moja rangi ya chai ya maziwa. Aliyeniambia ni yule fundi wako wa Kariobangi, na hata yeye hajamaliziwa, ya chai ya maziwa ilitoka kwa ahadi.

Anasimama MCA, mwakilishi wa wadi, Agosti 2027. Sawa, nani hasimami siku hizi, hata kinyozi wangu anasimama. Lakini wacha nikwambie vile nilimpata.

Jumamosi nikaenda kwa Mama Nduku kula chapo madondo, naona mtu anazunguka meza kwa meza akisalimia watu kwa mikono miwili, hata yule jamaa wa mkokoteni aliyekuwa amelala aliinuliwa mkono ukasalimiwa akiwa bado usingizini. Ni Maish, kwa ile ya kijani. Kaja akakaa mbele yangu. Nikamwambia polepole, watu wasisikie, Maish, ile kitu yangu vipi? Sasa sikia. Akasukuma sahani kando. Akapangusa mdomo na kipembe cha tishu. Akaangalia juu ya kichwa changu, kama kuna watu elfu mbili wamesimama nyuma yangu, mpaka nikageuka kuangalia, na nyuma yangu kuna sufuria tu. Halafu akasema, "Rafiki yangu, hiyo maneno tumeipangia. Kufikia mwezi wa sita, hiyo maneno itakuwa imeisha."

Tumeipangia! Yeye na nani? Na hiyo lafudhi? Maish amezaliwa Kangema, mama yake nimemjua, hiyo lafudhi ya Sugoi, kwao Ruto, ameitolea wapi?

Lakini kitu iliniuma si lafudhi. Ni "rafiki yangu". Tangu tujuane mimi kwake ni Mkia, kwa sababu ya ile siku ya mbwa, hata mbele ya wakwe zangu aliniita Mkia na nikanyamaza. Sasa nimekuwa rafiki yangu. Hivyo ndivyo mtu anaitwa kama jina lake limesahaulika na kura yake inahitajika.

Basi nikarudi nyumbani nikilalamika kama redio. Nikamwambia Atis vile watu wanageuka kuwa yule wanayempenda, na si leo imeanza. Si unakumbuka mzee wangu alikuwa naibu chifu huko Butere? Alikuwa na karungu kake, kalichongwa na fundi wa viti, na kila akiongea na watu anakazungusha vile Moi alikuwa anazungusha ile yake, halafu kidole kimoja juu, ile ya Kanu. Nyumbani kwetu ukiitwa mezani unaitwa na karungu. Na mambo hayakuwa siri, Mzee Moi mwaka wa 1984 aliwaambia mawaziri waimbe kama kasuku, akasema hata yeye wakati wa Kenyatta aliimba wimbo wa Kenyatta. Nyayo yenyewe si ni kukanyaga pale mwenzako amekanyaga! Wakati Kanu ilianguka 2002 mzee alitundika karungu ukutani, lakini ile sauti ya kukwaruza, ile ya kukohoa kidogo kabla ya kukataa kitu, hiyo alienda nayo hadi kaburini. Na mjomba Shiundu naye, wa Kibaki, hujawahi kuona mtu mpole namna hiyo, lakini kuanzia 2003 ukimsumbua kwa baa anakuangalia kwa huruma halafu anakwambia "pumbavu", moja tu, anarudi kwa glasi yake. Ukimwuliza serikali inafanya nini, kazi iendelee. Paa la nyumba yake lilianguka. Kazi iendelee.

Na Maish hata haigi kitu orijino. Kaunda suti ni ya Kaunda wa Zambia, rais wetu akaipenda, 2023 spika akakataza watu kuingia nayo bungeni, na ndiyo Maish anaenda kushona tatu. Kwa pesa yangu. Na kumbuka 2022 huyo Maish alikuwa anaimba wilbaro na hasla za Ruto usiku na mchana, na tulipohama kutoka Umoja alikataa kubeba hata meza, ati mgongo.

Sasa Atis ananiangalia tu, anakata sukuma. Nikimaliza ananiuliza, "Na wewe?"

Mimi nini?

"Wewe na uchaguzi wa chama yenu."

Salim, sijakwambia hii kwa sababu ya aibu. Mwezi wa tisa tulichagua mweka hazina wa chama, ile ya kuchanga pesa. Mimi na Maish. Watu 16. Yeye 9, mimi 7. Ni mambo madogo, mweka hazina anashika daftari na kununua soda, hakuna kitu ingine. Lakini mimi nilisimama nikasema hiyo kura siitambui, nimeibiwa mchana, nikasema fungueni sava. Sava gani Salim, kura zilihesabiwa kwa gazeti la kufungia mandazi! Nikasusia mikutano miwili. Nikawa naita mikutano yangu hapa kwangu, walikuja watu wanne, Atis akapika chai, na nusura nijiapishe kama Raila, ile ya Uhuru Park ya 30 Januari 2018, nilikuwa hata nimechagua Biblia. Kila mtu akiniuliza kitu hapa ndani, Atis anasema, najibu kwa kitendawili. Junia aliniuliza pesa ya tripu ya shule nikamwambia "Kitendawili!" mtoto akasema tega kama ameshachoka. Nikatangaza kandanda badala ya jibu, ati mpira uko kwa katikati ya uwanja, pasi kwa mama. Pesa ya tripu nilitoa lakini siku imepita.

Nilikasirika. Nikasema kwanza mimi si kama Maish, mimi niliiga mtu aliyefungwa jela kwa ajili ya hii nchi, si suti. Atis akasema sawa, kwa hiyo umechukua jela ama umechukua kukataa kushindwa? Huyu mwanamke... wacha tu.

Lakini nimefikiria hiyo kitu wiki nzima kwa matatu. Tunachukua ile rahisi. Hakuna mtu alichukua ile subira ya Jakom, Raila wetu, miaka na miaka unashindwa unaamka unaanza upya. Tulichukua kofia na kitendawili. Maish naye, yule anayempenda anaamka saa kumi usiku, hata sisi maadui wake tunakubali hiyo. Maish anaamka saa nne.

Na tena vile tunageuzwa! Machi 2018 tulikuwa tumesusia hata maziwa, ukiniuliza kuhusu Uhuru ningekutemea mate, halafu tarehe 9 yeye na Raila wanashikana mikono pale ngazi za Harambee House, na kufikia Ijumaa iliyofuata mimi ndiye nilikuwa namwelezea mhindi wa kazini vile Uhuru ni mtu mzuri moyoni. Kwa sauti yangu mwenyewe, bila mtu kunilazimisha! Na 7 Machi 2025 pale KICC, Raila akatia sahihi na wenye wilbaro sasa, nikameza hiyo pia. Maish alinipigia siku hiyo akicheka, "Mkia, sasa tuko serikali moja." Mkia, alisema. Bado nilikuwa Mkia.

Hiyo ndiyo inanirudisha kwa Oktoba. Wewe ulinipigia ile asubuhi tuliposikia Raila amefia India na sikuweza kuongea, samahani. Kesho yake nikaenda Kasarani, na unajua vile Kasarani iliisha, kuna watu walitoka nyumbani kwenda kuaga mtu na hawakurudi, sitaki kuandika. Mimi nilirudi na kiatu kimoja, nimetembea hadi Roysambu. Nafika nyumbani saa tatu usiku napata Maish amekaa kwa ngazi. Na chapati sita kwa karatasi. Yeye, mtu wa upande ule. Hakusema pole za kisiasa, hakusema taifa limepoteza, alisema "Vua hiyo soksi, imelowa." Akakaa hadi saa nane usiku, tunakula, hatuongei sana, anauliza nilianza lini kumfuata mzee, namweleza. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilisikia Maish akiongea kama Maish.

Kwa hiyo 15,000 naitaka, usinielewe vibaya, Januari ilinimaliza, na karo ya Junia haingojei mwezi wa sita. Lakini nikimwendea najua atavaa ile sauti, na mimi nikisikia ile sauti yangu nayo inatoka, nitasema nimeibiwa, siitambui, na tutakuwa watu wawili wazima kwa Mama Nduku tukihutubia sufuria.

Ndiyo naomba. Wewe hauna upande, siku ya kura huwa unalala, mara ya kwanza hiyo tabia yako ina faida kwa mtu. Njoo uwe Kofi Annan wetu. Yeye 2008 mafua yalimshika kabla hajaja, wakangoja akapona, akaja akawaketisha Kibaki na Raila hadi Februari tarehe 28 wakatia sahihi. Wewe unahitaji jioni moja tu na nyama nusu kilo. Mimi nitaitambua ile 9 kwa 7, nitasema mbele ya watu wote, hata nitanunua hizo soda. Yeye alete hata 5,000 kwanza. Na avae tishati.

Sasa niambie, Pasaka unakuja ama hauji? Unapanda treni ya usiku ama mchana, nikuchukue Syokimau? Unaweza kumpigia kwanza, maana mimi nikipiga yuko mteja, na ukimpata niambie, anakuita Salim ama amekuita rafiki yangu? Fundi anasema Maish ameulizia bei ya suti ya nne, umesikia kitu kuhusu hiyo? Na huko kwenu kina nani wanaigwa siku hizi, ama joto linawafanya mvae vest tu? Na ile picha yetu ya Umoja, ile tumelala watatu kama samaki wa kopo, bado unayo kwa simu ya zamani? Ikiwa unayo usinitumie mimi. Mtumie Maish. Usiandike chochote chini.

Atis anakusalimia, anasema urudishe ile sufuria yake.

Mkia